Unga mweupe kwenye majani: ubwiri unga wa matango, maboga, pilipili boga na miembe, tuupitie dalili kwa dalili

Kipupwe kikishaingia, kuanzia mwezi wa 6 hivi mpaka wa 9, wakulima wa Unguja na Pemba wanauliza jambo moja: majani yamekuwa meupe, nimepiga dawa hayasikii, nifanyeje. Na karibu kila mara mtu keshatoa hela dukani kabla hajaligeuza jani akaangalia chini yake. Kwa hiyo nimeyapanga hapa vile vile yanavyoulizwa, kila dalili na sababu zake, ile inayotokea sana inatangulia halafu zile za nadra, na vipimo vya bure vinakuja kabla ya dawa ya kununua.

Kabla hatujaingia kwenye dalili shika jambo moja, maana ndo linalowapoteza wengi. Ubwiri unga unaletwa na kuvu, lakini kuvu hii haitaki jani lililolowa kama zile nyengine. Mbegu zake ni ndogo mno, zinaruka na upepo, zikitua juu ya jani kavu zinaota hata bila tone la maji, zinachotaka ni hewa yenye unyevu, kivuli, na joto la wastani, nyuzi 20 mpaka 27 hivi. Maji mengi juu ya jani yanaziharibu, mvua kubwa inazikosha na kuzipasua. Ndo maana masika mvua inashuka maboga hayana unga wowote, halafu kusi ikianza kuvuma, usiku kibaridi, asubuhi hewa nzito, mchana kukavu, unashangaa shamba limegeuka jeupe. Tokea mbegu kutua mpaka wewe kuuona unga ni siku 3 mpaka 7 hali ikiwa inaipendeza. Kuvu yenyewe imekaa juu ya ngozi ya jani, imetia vijimizizi ndani inanyonya, na inaishi kwenye jani lililo hai tu.

Na jengine, usiogope mwembe wa jirani. Ubwiri wa mwembe hauingii kwenye tango wala wa tango hauingii kwenye mwembe, ni kuvu mbali mbali ingawa unga unafanana. Lakini tango, boga, tikiti na mumunye hawa ni ndugu na wanaambukizana vizuri sana, kwa hiyo maboga yaliyochakaa pembeni ndo yanayolisha ugonjwa kwenye matango mapya.

"Majani ya matango yana madoa meupe ya mviringo, kama mtu kamwaga unga"

Hii ndo inayoletwa kuliko zote, kwenye matango, tikiti, maboga, mumunye, na zukini za watu wanaouzia mahoteli.

Mara nyingi ni ubwiri unga wenyewe. Pitisha kidole juu ya doa: unga unatoka kidoleni, na pale ulipofuta jani limepauka au lina umanjano. Kama bado una wasiwasi lifunge uzi jani ulilolifuta, rudi baada ya siku 4 au 5, ukikuta unga umerudi pale pale huna haja ya kuuliza tena. Unaanzia majani ya zamani ya chini, yaliyo kivulini, na mara nyingi unatokea wakati mmea ushaanza kubeba, kwa sababu majani ya jamii hii yanashika zaidi yakishafikisha wiki 2 mpaka 3. Tazama na chini ya jani na kwenye vikonyo, huko unaanza kimya kimya wewe unaangalia juu tu.

Inayofuatia ni kwamba hamna ugonjwa wowote. Maboga mengi na zukini yana mabaka ya rangi ya fedha ya kuzaliwa nayo, yanafuata mishipa, yamejipanga sawa sawa kwenye kila jani mpaka machanga, na ukifuta hayatoki. Yawache, watu wanapiga dawa mmea mzima kabisa.

Halafu maji. Hii ni ya kwetu khasa, kwenye ardhi ya mawe, Makunduchi, Jambiani, Paje, na kule Micheweni, maji ya kisima yamepita kwenye jiwe la matumbawe yamejaa chokaa, ukiyamwagia juu ya majani yakikauka yanabakisha viduara vyeupe ambavyo ukiwa mbali utaapa ni ubwiri. Kamulia tone la ndimu juu ya doa, chokaa inatoa vipovu kidogo na kuyeyuka, ubwiri haufanyi hivo. Vumbi la barabara ya kifusi ni yale yale, nalo utaliona upande wa barabarani tu.

Mara chache ni nzi weupe. Wakishambulia maboga jani zima linakuwa kama limepakwa fedha, halina unga, na ukilitikisa wanaruka vijidudu vyeupe kutoka chini yake. Dawa ya ukungu hapo ni bure kabisa, shughulikia wadudu. Na pia uliza kama kuna mtu kapiga dawa juzi, maana dawa za ukungu kama mankozebu na salfa zenyewe zikikauka zinaacha weupe au umanjano juu ya jani, na hili linatokea sana shamba likiwa na watu wawili wanaolihudumia na hawajaambizana.

Sasa kama ni ubwiri kweli. Ukiwa kwenye majani machache ya chini, yakate asubuhi taratibu bila ya kuyatikisatikisa, yatie kwenye polo hapo hapo, nenda kayafukie au kayachome, usiyatupe ukingoni mwa shamba. Usikate zaidi ya robo ya majani ya mmea, kwa sababu tikiti likibaki uchi linaungua na jua, na majani ndo yanayotia utamu. Tunda lenyewe mara nyingi halishikwi na unga, hasara inakuja pale majani yanapokufa mapema, matikiti yanabaki madogo hayakolei, unapeleka sokoni Mwanakwerekwe mteja anapasua moja anaondoka zake.

Fungua nafasi. Matango yapande kwenye kamba yasilale chini, punguza matawi yaliyosongamana, na kama umelima chini ya minazi na migomba jua kwamba kivuli hicho na hewa kukosa kupita ndo nyumba ya ugonjwa huu. Punguza yuria na samadi mbichi ya kuku wakati ugonjwa upo, naitrojeni nyingi inatoa majani laini mapana na kuvu inayapenda hayo.

Kwa bustani ndogo ya uwani yako mambo mawili ambayo yanafanya kazi ukiyawahi. Maziwa ya ng'ombe, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, unapiga kila wiki pande zote za jani. Si mambo ya kusikia mitaani haya, mtafiti Wagner Bettiol wa Brazil alichapisha majaribio yake mwaka 1999 kwenye zukini, na maziwa ya asilimia 10 kwenda juu yakipigwa kila wiki yalizuia ugonjwa sawa na dawa za dukani alizolinganisha nazo. Lakini kwa bomba la lita 20 ni lita 2 nzima za maziwa, na bei ya maziwa huku kila mtu anaijua, kwa hiyo kwa matuta machache sawa, kwa ekari hapana. La pili ni bekingi soda, kijiko 1 cha chakula kwa lita 4 za maji na sabuni ya maji kidogo tu ipate kushika jani. Hii usiirudierudie kila baada ya siku mbili, ni chumvi, inaunguza majani, na kwenye ardhi yetu ya mawe yenye maji ya chumvichumvi unaiongezea udongo shida.

Kwa shamba la kuuza, ya kuanzia ni salfa ya kuchanganya na maji. Nyingi zinaangukia gramu 2 mpaka 3 kwa lita 1 lakini lebo ya pakiti yako ndo ya kufuata. Salfa inazuia zaidi kuliko kuponya, kwa hiyo ipige unapoona madoa ya mwanzo, usingoje shamba liwe jeupe. Baadhi ya aina za tikiti na matango haziipendi salfa, jaribu kwenye miche michache, ngoja siku 2, ukiona hamna kitu endelea.

Hapa simama: kama mmea mzima unalegea na kunyauka kwa siku moja mbili wakati udongo una maji, au shina linatoa utomvu wa gundi, hiyo haihusiani na unga uliouona, ni ugonjwa wa mishipa au wa shina na dawa ya majani haifiki huko. Muite bwana shamba au bibi shamba kabla hujapiga chochote.

"Nimepiga dawa mara mbili tatu na unga unarudi"

Hapa ndo penye machungu, kwa sababu mtu kishamaliza hela.

Sababu namba moja, na nnaiona kila msimu, ni dawa isiyokuwa yake. Mtu anakwenda duka la pembejeo anasema nataka dawa ya ukungu, anapewa mchanganyiko wa metalaksili na mankozebu, kwa sababu ndo inayouzika zaidi kwa tungule. Metalaksili ni ya magonjwa mengine, ubwiri vinyoya (nitaueleza chini) na baka jani la mvua, viini vile ni vya ukoo mwengine kabisa, na kwenye ubwiri unga haifanyi lolote. Mankozebu nayo ni dhaifu kwake. Kopa ya buluu vile vile, inasaidia kidogo tu. Kwa hiyo dawa si feki, mchanganyo ulikuwa sawa, bomba lilikuwa zima, na bado haikusikia kwa sababu haikukusudiwa ugonjwa huu. Chukua kopo soma maandishi madogo ya kiambato, usisome jina kubwa la mbele. Unachokitafuta ni salfa, au zile zinazoishia na konazoli kama heksakonazoli, tebukonazoli, difenokonazoli, au azoksistrobini. Na jina la zao lako liwemo kwenye lebo, maana dawa ya mwembe si lazima iwe ya tango unalolila kesho kutwa.

Sababu inayofuata ni kupiga juu juu. Bomba la mgongoni mtu anakwenda mbio, dawa inabaki juu ya majani ya nje, ndani na chini hamna kitu. Kipimo ni rahisi: ukimaliza mstari mmoja ingia geuza majani 10 ya katikati, kama chini ni kakavu hujapiga. Elekeza mdomo wa bomba kwenda juu kutokea chini, tembea polepole, badilisha kichwa cha bomba kama kinatoa matone makubwa yanayodondoka. Huna haja ya dozi kubwa, unahitaji dawa ifike.

Halafu kuchelewa. Unga ukishafunika zaidi ya nusu ya majani, dawa inasimamisha kuenea tu, jani lililokwishakufa halifufuki. Watu wanaangalia majani yale yale ya zamani wanasema dawa haikufanya kazi. Angalia majani mapya yaliyotoka baada ya kupiga, hayo ndo yatakwambia ukweli.

Ya nne ni kuzoea. Ukipiga konazoli hiyo hiyo kila wiki, au azoksistrobini peke yake msimu mzima, kuvu chache zinazohimili zinabaki, zinazaana, na mwaka unaofuata dawa ile ni maji tu. Kuvu ya jamii ya matango inajulikana duniani kwa kuizoea azoksistrobini haraka. Kubadilisha jina la kopo hakusaidii kama kiambato ni kile kile au cha kundi lile lile. Lebo nzuri ina namba ya kundi, heksakonazoli na tebukonazoli zote ni kundi la 3, azoksistrobini ni la 11, kwa hiyo kutoka heksakonazoli kwenda tebukonazoli hujabadilisha kitu. Salfa haina tabu hiyo kwa sababu inaipiga kuvu sehemu nyingi kwa pamoja, ndo maana nasema iwe ndo msingi wako, na hizi nyengine uzitie katikati kwa zamu.

Ya tano, chanzo kipo bado. Huku kwetu hakuna majira ya baridi ya kuua mimea, kuvu inahama kutoka shamba linalokufa kwenda shamba linaloota na safari haikatiki mwaka mzima. Mabua ya matango ya msimu uliopita, maboga yaliyojiotea jaani, mitango mwitu kwenye ua, yote hayo yang'oe. Kama mnalima matango wengi pahala pamoja, kama vile mabonde ya umwagiliaji, mkikubaliana wiki chache za kutokuwa na jamii hii shambani kabla ya kupanda upya mtaona tofauti kuliko dawa yoyote, ingawa najua kukubaliana kwenyewe ndo kazi.

Mwisho kabisa ndo dawa ya bandia au iliyopitwa na wakati. Wengi wanaanzia hapa kulaumu lakini nimeiweka chini kwa makusudi. Angalia tarehe, angalia kama kifuniko kimefunguliwa, na usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, hujui nini, hujui kiasi gani, na mtoto akiikuta ataiona maji.

Hapa simama: ukishapiga mara 2 kwa makundi mawili tofauti, dawa ni sahihi na imefika chini ya majani, na majani mapya bado yanashika unga, usiongeze dozi na usichanganye dawa tatu kwenye bomba moja. Peleka sampuli. Dozi ya kujitungia inaacha sumu kwenye tango ambalo mtu analila bichi na ganda lake, na siku za kungoja zilizoandikwa kwenye lebo kati ya kupiga na kuvuna zinahesabiwa kwa dozi ya lebo, si kwa dozi yako.

"Juu ya jani pana manjano tu, unga siuoni"

Geuza. Hapa kugeuza ndo kila kitu.

Kama ni pilipili boga, tungule au biringani, na juu pana mabaka ya manjano yasiyo na mpaka wa wazi, halafu chini ya baka pana unga mweupe mwepesi, huo ni ubwiri unga wa aina nyengine, huu hauishi juu ya ngozi tu, unaingia ndani ya jani na kutokeza kupitia vitundu vya kupumulia. Majani yanaanguka, pilipili inabaki matawi na matunda yanaungua na jua. Kwa kuwa upo ndani, salfa, maziwa na bekingi soda zitazuia majani mapya tu, ukishaenea unahitaji dawa inayoingia kwenye jani, zile za konazoli, na uwahi.

Kama ni tango au tikiti, na manjano ni ya pembe pembe yamezuiwa na mishipa kama vigae, na chini asubuhi pana manyoya ya kijivu au ya zambarau, basi huo si ubwiri unga, ni ubwiri vinyoya. Huu ndo unaotaka jani lililolowa, unakuja na mvua za masika na vuli na umande mwingi, na ndo unaotaka ile metalaksili. Mengi ya "dawa haisikii" yanaanzia hapa, mtu kavibadilisha viwili hivi. Na huu unakwenda mbio, shamba linaweza kukauka ndani ya wiki, kwa hiyo ukiwa huna uhakika uliza siku ile ile.

Ukigeuza ukakuta vijidoti vinavyotembea na utando mwembamba kama wa buibui, hao ni utitiri, wanapenda kaskazi na ukavu. Kwao salfa inasaidia pia. Ukigeuza hukukuta kitu kabisa, manjano iko kati ya mishipa kwenye majani ya chini na mishipa yenyewe imebaki kijani, fikiria upungufu wa magnesiamu, unatokea sana kwenye ardhi ya mawe, na hapo ni suala la mbolea.

Bamia nayo inashika unga, juu na chini, kawaida mmea ukishazeeka. Kama ushavuna vya kutosha usihangaike na dawa, ng'oa upande upya.

"Mwembe umetoa maua mazuri, halafu yamekuwa kama yamemwagiwa majivu na yanadondoka"

Huu ndo unaoniuma zaidi kwa sababu mwembe unatoa nafasi moja kwa mwaka, na nyumba nyingi zinategemea zile embe za mwisho wa mwaka kwa ada za skuli na mambo mengine.

Kwanza ubwiri unga wa mwembe. Maua yetu makubwa yanatoka kipupwe, na kipupwe ndo msimu wake, mambo mawili yamekutana. Kitawi cha maua kinafunikwa na weupe wa kijivu, maua hayafunguki, yanakuwa kahawia na kupukutika, na viembe vikishika vikiwa kama punje ya kunde vinaanguka. Majani machanga yanajikunja na chini yana unga. Tazama kwa karibu, ushuke na kitawi kimoja, usihukumu ukiwa chini ya mti.

Pili chule, kuvu nyengine. Hapa maua yanakuwa meusi, yenye vidoti vyeusi vinavyoungana, hayana unga, na ilinyesha mvua au umande ulikuwa mzito. Salfa haisaidii sana hapa.

Tatu wale wadudu wadogo wa maua ya mwembe wanaorukaruka ukigusa kitawi, wananyonya, wanaacha utomvu mtamu unaonata, na juu yake panaota masizi meusi. Ukipita chini ukahisi vijitone, ni hao.

Na mwisho ni kawaida ya mwembe. Kitawi kimoja kina maua mamia na mamia na kinabeba embe chache tu, kwa hiyo kudondoka peke yake si ugonjwa kama hamna unga wala weusi.

Kwa ubwiri, dawa inapigwa kabla. Mara ya kwanza kitawi cha maua kinapojitokeza na maua hayajafunguka, salfa gramu 2 kwa lita, mara ya pili baada ya wiki 2 hivi, ya tatu viembe vinaposhika kama bado unauona. Wakati maua yamefunguka yote jaribu sana usipige, na ikilazimu iwe baada ya alasiri nyuki washarudi, kwa sababu nyuki na nzi ndo wanaokufungishia embe hizo. Pogoa baada ya mavuno, toa matawi ya ndani jua lipenye.

Mikorosho ni hadithi hiyo hiyo, maua na majani machanga, na wenzetu wa Mtwara wanapuliza salfa ya unga kila msimu kwa ajili yake.

Hapa simama: mwembe mkubwa wa zamani hufiki kileleni kwa bomba la mgongoni. Usipande juu na bomba, na usipige kwa kuelekeza juu ukiwa umesimama chini yake dawa inakurudia usoni. Kazi hiyo ni ya watu wenye mashine ya mota na nguo za kujikinga, waombe kupitia bwana shamba wa wilaya. Kama hilo halipo, piga matawi unayoyafikia, yaliyobaki uyawache.

"Nimepiga salfa, siku ya pili majani yameungua"

Kwanza kabisa angalia ulipiga saa ngapi. Salfa kwenye joto la nyuzi 32 kwenda juu inaunguza, na kaskazi mwezi wa 1 na wa 2 mchana tunafika huko. Piga asubuhi mapema au baada ya alasiri jua limeshapoa, na siku za joto kali iwache kabisa.

Halafu mafuta. Kama ulipiga mafuta ya mwarobaini au mafuta mengine yoyote ndani ya wiki 2 zilizopita, salfa juu yake inachoma. Usizichanganye na usizifuatanishe.

Dozi ya kukisia kwa kifuniko cha soda au kiganja ndo sababu nyengine, nunua mizani ndogo ya jikoni, inajilipa. Na kama uliweka sabuni ya unga ya kufulia badala ya ya maji, hiyo peke yake inatosha kuunguza. Ukishaunguza, mimina maji safi juu ya majani siku hiyo hiyo, usipige kingine kwa wiki nzima, usitie yuria ya kuyahuisha, majani mapya yatatoka yenyewe.

Weupe mwengine wa haraka haraka

Weupe kama pamba unaonata kwenye mpapai, mpera au asumini, ukiuminya unatoa maji na pana sisimizi wanapanda na kushuka, ni vidung'ata, wadudu. Sugua kwa maji ya sabuni na uwazuie sisimizi. Mpapai nao una ubwiri unga wake, mwingi chini ya majani, lakini huo hauna pamba na sisimizi hawauhangaikii. Mawaridi ya uwani yakishika unga kwenye machipukizi na yakajikunja, kata ncha, yasogeze kwenye jua, piga maziwa. Na kama uko karibu kununua mbegu za matango au zukini, tazama pakiti kama pameandikwa Px au Gc, hizo ni alama za aina zinazohimili ubwiri unga, zinashika kidogo na kwa kuchelewa.

Ukishika dawa, na ukienda kuomba msaada

Salfa inawasha macho na kifua, vaa miwani, barakoa, mikono mirefu, piga ukiwa upepo uko mgongoni. Usioshe bomba karibu na kisima, ardhi ya mawe haina udongo wa kuchuja, kinachomwagwa juu kinashuka kwenye maji tunayokunywa. Mtu akiingiwa na dawa machoni osha kwa maji mengi yanayopita dakika 15. Akiwa anatapika, anaona kizunguzungu au anapumua kwa shida, usimpe maziwa wala usimtapishe, mkimbize hospitali na kopo la dawa lende naye daktari asome kiambato.

Ukipeleka sampuli kwa bwana shamba, au kwenye Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar kule Kizimbani, chukua majani matatu, moja lililoanza, moja lililozidi na moja zima, yafunge kwenye karatasi au gazeti, usitumie mfuko wa plastiki kwa sababu yanatoa jasho yanaoza njiani na kilichoota mwisho kinaficha cha mwanzo. Peleka asubuhi ile ile uliyochuma. Andika tarehe ulizopiga dawa, kiambato gani na kiasi gani kwa bomba, na piga picha chini ya jani kabla hujalichuma.